Kwa nini mhariri hakuichapa taarifa yangu?

Mwezi uliopita niliahidi kwamba ukurasa huu ungejibu barua zinazohusu namna kampuni ndogo inavyoweza kuandikwa magazetini na kutajwa redioni bila kununua tangazo, yaani kwa kuandika taarifa kwa vyombo vya habari na kuifikisha mahali panapostahili. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na zaidi ya nusu zimetoka Arusha na Moshi, miji ambayo kila mwenye gari la watalii au mashine ya kusaga anamwona jirani yake akitajwa na yeye akiachwa. Nimechagua sita. Majina ya waliouliza na ya kampuni zao nimeyaacha, kama walivyoomba. Kwa kuwa nilikaa kwenye dawati la mhariri kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku, nitajibu zaidi kwa jicho la anayepokea taarifa kuliko la anayeituma.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kiwanda kidogo cha unga wa ndizi hapa Majengo, Moshi. Tulipotimiza miaka mitano tuliandaa hafla, tukamwalika mgeni rasmi kutoka wilayani, kisha nikaandika taarifa ya kurasa tatu na kuituma kwa magazeti sita. Gazeti moja tu ndilo lililotoa habari, na ndani yake kiwanda changu hakikutajwa hata kwa jina; yaliyoandikwa ni maagizo ya mgeni rasmi kuhusu usafi wa mazingira. Mhariri wa gazeti jingine alinijibu kwamba nililotuma ni tangazo, niende idara ya matangazo nikalipie. Nimekosea wapi? (Mama wa Unga, Moshi)

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa miaka mitano. Nashukuru kwamba uliniambatanishia taarifa yenyewe, maana bila kuisoma ningebaki kukisia. Ukurasa wa kwanza wote umetumika kuwatambua viongozi waliohudhuria, kuanzia mgeni rasmi hadi mwenyekiti wa mtaa, kana kwamba taarifa ni hotuba na ni lazima itifaki izingatiwe kwanza. Ukurasa wa pili unasimulia historia ya kiwanda, mkopo wa kwanza, na shukrani kwa familia. Ni kwenye ukurasa wa tatu, aya ya pili kutoka chini, ndipo nilipokuta kwamba tangu mwaka jana unanunua ndizi kwa wanawake 38 wa Uru na Kibosho, kwamba unawalipa kwa simu siku hiyohiyo mikungu inapopimwa, na kwamba maganda wanarudi nayo kuwalishia ng'ombe wao wa zizini. Mama, habari yako ilikuwa hapo, na mhariri hakufika hapo. Mtu anayepokea taarifa makumi kwa siku husoma kichwa na sentensi mbili za mwanzo, na kama hajaona jambo, anafungua inayofuata.

Mfikirie msomaji aliyekaa ndani ya basi kwenye stendi ya Moshi, gazeti mkononi, akisubiri safari. Miaka mitano ya kiwanda chako haimhusu, kama vile miaka mitano ya duka la jirani yako isivyokuhusu wewe. Lakini kama amekulia Uchagani anajua kwamba kahawa ilikuwa fedha ya baba na ndizi zilikuwa mkononi mwa mama, na anajua pia kwamba mama aliyeshuka na mikungu hadi sokoni hukubali bei yoyote jua linapoelekea kuzama, kwa sababu hawezi kupanda nayo tena mlimani. Kiwanda kinachobadilisha hali hiyo kinamhusu hata kama hatanunua unga wako maishani. Mhariri anapokwambia kwamba ulichomletea ni tangazo, anachomaanisha ni kwamba ndani yake hakumwona mtu huyo wa kwenye basi. Alimwona mnunuzi tu.

Kwa hiyo mimi ningeandika kichwa hiki: Wakulima wa ndizi Uru walipwa siku ya kuuza. Na aya ya kwanza ingekuwa hivi: "Wanawake 38 wanaolima ndizi katika maeneo ya Uru na Kibosho, wilayani Moshi, sasa wanalipwa kwa simu siku hiyohiyo wanapopeleka mikungu yao kiwandani, baada ya kiwanda kidogo cha unga wa ndizi cha Majengo kuanza kununua kwao bila kupitia kwa wachuuzi." Jina la kiwanda linakuja kwenye aya ya pili, pamoja na lini ulianza, kilo ngapi unanunua kwa wiki, na bei gani unalipa. Aya ya tatu ni maneno yako, nayo yawe maneno ambayo mtu angeyasema kweli. Katika taarifa yako umejinukuu ukisema kwamba "unajivunia kuwa sehemu ya safari ya maendeleo endelevu", sentensi ambayo nimeisoma mara elfu na sijawahi kumkumbuka aliyeisema. Lakini katika barua yako kwangu umeandika kwamba mama aliyeshuka na mikungu mitatu hawezi kurudi nyumbani na ahadi, kwa sababu ada ya mtoto haingoji. Hayo ndiyo ya kunukuu. Baada yako, tafuta mmoja wa wale 38 akubali kutajwa na kupigiwa simu, kwa maana sauti yake itaaminika kuliko yako. Historia ya kiwanda ikae mwishoni kabisa, sentensi tatu au nne, pamoja na nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, mliyoipata. Waandishi hufundishwa kuijenga habari kama piramidi iliyopinduliwa, zito likiwa juu na jepesi chini, ili nafasi ikipungua mhariri akate kutoka mkiani bila kuua mwili. Taarifa yako ilikuwa imesimama wima, na kilichokatwa ni kichwa.

Kuhusu mgeni rasmi, usimlaumu mwandishi. Kiongozi wa serikali akisimama na kutoa agizo, agizo hilo ni habari kwa wakazi wa wilaya nzima, na mwandishi aliyeliacha akaandika juu ya unga angeulizwa na mhariri wake. Wewe ndiye uliyemkaribisha mtu mkubwa kuliko shughuli yako, ukampa kipaza sauti, kisha ukashangaa kwamba amesikika. Kama ni lazima awepo, mwombe akate utepe na azungumze juu ya ndizi, na umpe maandishi mafupi mapema yenye hizo takwimu zako. Viongozi wengi hushukuru kupewa la kusema. Njia iliyo bora zaidi ni kumpeleka mwandishi mmoja shambani Uru siku mbili kabla ya hafla, bila mgeni yeyote.

Na jibu la yule mhariri lisikuumize, kwa kuwa lina umri mkubwa. Mmarekani Ivy Lee, anayetajwa na wengi kuwa mwanzilishi wa taarifa za namna hii, aliwapelekea wahariri wa nchi yake tamko la misingi yake mwaka 1906, na humo aliwaambia wazi kwamba ofisi yake si wakala wa matangazo, na kwamba wakiona andiko lake lolote linastahili kwenda idara ya biashara, wasilitumie. Yeye aliwaambia wahariri. Kwako wewe mhariri ndiye aliyetangulia kusema.

Urefu usizidi ukurasa mmoja. Juu weka tarehe, chini weka neno MWISHO, kisha jina na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Nasisitiza atakayepokea, kwa sababu nimezipiga nyingi zikaita hadi zikakatika.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kampuni changa ya kupandisha watalii mlimani, ofisi zetu ziko Sakina, Arusha. Tumeanzisha utaratibu wa kupima kila mzigo wa mpagazi kabla ya kupanda na kumpa nakala ya karatasi ya uzito. Niliona ni habari nzuri, nikaiandika kwenye faili la PDF lenye picha kumi na nembo yetu, nikaituma Ijumaa jioni kwa anwani 80 kwa mkupuo mmoja. Sikupata hata jibu moja. Sasa kuna kampuni ya nje ya nchi inaniambia nikilipa itasambaza taarifa yangu kwenye mamia ya tovuti duniani. Nilipe? (Kijana wa Sakina)

JIBU: Habari yako ni nzuri kweli, na ninakuambia hivyo kwa sababu mzigo wa mpagazi ni suala linalojadiliwa kila msimu: kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro zinaweka ukomo wa kilo 20 kwa mzigo anaobeba mpagazi, na mizigo hupimwa langoni. Ninyi mmeongeza karatasi inayobaki mkononi mwa mpagazi mwenyewe. Hapo pana jambo. Tatizo lako liko kwenye usambazaji, karibu kila hatua yake.

Anza na saa. Ijumaa jioni chumba cha habari kinafunga kurasa za Jumamosi na akili ya kila mtu iko kwenye gazeti la Jumapili, ambalo mengi yake yamekwisha kupangwa. Wahariri hukutana asubuhi kugawana habari za siku. Kilichokuwa mezani kabla ya kikao hicho kinajadiliwa, kilichokuja baada ya saa nane mchana kinahitaji kuwa kikubwa ili kiondoe kingine. Tuma kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu imejaa yaliyotokea mwisho wa juma.

Kisha faili. Mhariri hawezi kuhariri picha ya karatasi yako. Anataka maneno anayoweza kuyanakili na kuyakata. Andika taarifa ndani ya baruapepe yenyewe, si kwenye kiambatisho, na nembo yako iache ofisini. Picha ziwe mbili, zitumwe kando zikiwa na ukubwa wa kutosha kuchapwa, na kila moja iwe na maelezo ya nani ni nani kutoka kushoto. Nyingine zote za watu waliosimama wima mbele ya bango zinafanana, na gazeti likikubali kuchapa moja litachagua ile ya mpagazi akiutazama mzani.

Halafu wale 80. Mtu anayeona kwamba barua imeandikwa kwa watu 80 hujua kwamba hakuandikiwa yeye. Ungekuwa na orodha ya watu 12 unaowajua kwa majina na ambao unajua kila mmoja wao huandika nini, ungefika mbali zaidi. Na hapa nitasema jambo ambalo kampuni nyingi za Arusha hazilijui. Wahariri wa Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, The Citizen, The Guardian na Daily News wako Dar es Salaam, lakini mlango wako wa kuwafikia uko hapahapa mjini, nao ni waandishi wa mkoani. Wengi wao ni wa kujitegemea na hulipwa kwa kila habari inayochapwa, kwa hiyo mwandishi wa Arusha akiipenda habari yako ataitetea mbele ya mhariri wake kwa nguvu ambayo baruapepe yako haina. Utawapata kupitia Arusha Press Club, na wenzetu wa Moshi wana klabu yao ya Kilimanjaro. Klabu hizi zote ziko chini ya mwavuli wa UTPC, muungano wa klabu za waandishi wa habari nchini. Nenda ukajitambulishe siku ambayo huna la kuomba.

Redio usiidharau. Wapagazi wako na familia zao hawasomi gazeti la Kiingereza, lakini wanaisikiliza Radio 5 hapa Arusha, au Moshi FM na Sauti ya Injili kule Moshi. Kwa redio andika taarifa ya pili, fupi, yenye sentensi nne ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa pumzi, ukizisoma mwenyewe kwa sauti kwanza. Neno likikukwama wewe, litamkwama mtangazaji. Toa pia mtu wa kuhojiwa, na afadhali awe mpagazi kuliko mkurugenzi.

Angalia na kalenda. Bunge la Afrika Mashariki likikutana hapa, au kukiwa na mkutano wa marais pale kwenye kumbi za mikutano za AICC, waandishi wote wa mji wako huko. Mwezi Juni, wakati wa maonyesho ya Karibu-KiliFair, kila kampuni ya utalii ina taarifa yake, na ya kwako itakuwa tone mvuani. Ipeleke wiki tatu kabla, wakati waandishi wanatafuta cha kutanguliza. Vivyo hivyo kwa mbio za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari kule Moshi, na Nanenane pale Njiro kwa wenye bidhaa za kilimo.

Sasa kampuni za usambazaji. Biashara hiyo ni halali na ya zamani: PR Newswire ilianza New York mwaka 1954, Business Wire ikafuata mwaka 1961, na kwa bara letu kuna APO Group iliyoanzishwa mwaka 2007. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa, au benki inayotaka kusikika Lagos na Nairobi kwa siku moja, ina sababu ya kulipa. Wewe bado. Tovuti mamia unazoahidiwa kwa kawaida huiweka taarifa kama ilivyo, kwenye pembe ambayo hakuna mtu anayepita, na ripoti utakayoletewa itakuwa orodha ndefu ya viungo vya mtandaoni, yaani links. Wakikuambia kwamba viungo hivyo vitapandisha tovuti yako kwenye Google, ujue kwamba tangu mwaka 2013 miongozo ya Google yenyewe inavitaja viungo vilivyopandikizwa kwa maneno maalumu ndani ya taarifa zinazosambazwa kuwa ni udanganyifu dhidi ya mfumo wake. Fedha hiyo itumie kumkaribisha mwandishi mmoja wa jarida la safari la nchi wanakotoka wateja wako, apande nanyi hadi kambi ya kwanza.

Siku ya pili piga simu mara moja tu. Usiulize kama wameipata, kwa sababu wameipata. Waambie jambo ambalo halikuwemo, kwa mfano kwamba kuna kundi linapanda kesho kutwa na mzani utakuwepo.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina karakana ya samani Njiro. Niliita mkutano na waandishi wa habari, nikawaalika watano, wakaja kumi na mmoja. Baada ya kumaliza hakuna aliyeondoka. Mmoja akanivuta pembeni akaniambia wanangoja "nauli", na kwamba bila hivyo habari haitoki. Nilitoa. Habari ilitoka kwenye vyombo viwili. Je, huu ndio utaratibu? (Fundi, Njiro)

JIBU: Ni mazoea. Utaratibu hauko hivyo. Baraza la Habari Tanzania, ambalo lipo tangu mwaka 1995 na ndilo lililosimamia uandikwaji wa kanuni za maadili ya wanahabari, linakataza mwandishi kupokea chochote kinachoweza kuathiri anachoandika, na vyumba vya habari vikubwa vina sera zao zinazosema hivyohivyo. Pia ni kweli kwamba mwandishi wa kujitegemea aliyepanda bodaboda mbili kuja Njiro huenda akalipwa kwa habari hiyo fedha isiyorudisha nauli, na mimi niliyekaa ofisini kwa mshahara sina haki ya kumcheka. Niliwahi kurudisha habari tatu zilizofanana neno kwa neno kutoka kwa waandishi watatu wa mji mmoja, na nilipopiga simu nikaambiwa zote ziliandikwa na aliyetoa bahasha. Niliaibika kwa niaba yao, kisha nikaangalia malipo tuliyokuwa tukiwapa, nikaaibika kwa niaba yetu.

Lakini shauri langu kwako ni la kibiashara. Ukilipia habari nzuri itoke, umewaonyesha bei, na siku kiti chako kitakapomvunjikia mteja watakuja tena na bei ya habari mbaya isitoke. Kitu kinachokubalika ni kuwasafirisha: kodi gari dogo liwachukue mjini na liwarudishe, waandalie chakula, na useme hayo kwenye mwaliko, pamoja na sentensi moja ya heshima kwamba hakutakuwa na posho. Watakuja wachache, nao ndio wa kwako. Kuna pia swali ambalo hukuuliza: ulihitaji mkutano? Ulikuwa unatangaza aina mpya ya kabati. Karatasi moja na picha mbili zingelitosha jambo hilo. Mkutano na waandishi huitwa pale ambapo kuna kitu cha kuona au mtu ambaye lazima aulizwe maswali.

SWALI: Taarifa niiandike kwa Kiswahili au Kiingereza? (J., Moshi)

JIBU: Zote mbili, kila moja kwa gazeti lake, na usitafsiri. Iandike ya Kiswahili kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mwandishi wa Nipashe akipokea Kiingereza chako atakitafsiri kwa haraka, na makosa yatakayotokea yatabeba jina lako.

SWALI: Mimi ni meneja wa kampuni yenye magari ya watalii, Arusha. Mwaka jana gari letu lilipinduka kwenye barabara ya kwenda Karatu. Wageni wawili na dereva waliumia, hakuna aliyefariki. Wakurugenzi waliagiza tukae kimya hadi uchunguzi uishe. Siku mbili baadaye picha zilikuwa kwenye kila kundi la WhatsApp, ikisemwa kwamba wamekufa watu tisa, na wateja wa msimu wakaanza kughairi safari. Tungeandika nini, na lini? (Meneja)

JIBU: Mngeandika siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, hata kama mlichokijua kingejaa aya moja. Taarifa ya namna hii ina kazi tatu tu: kusema mnalolijua kwa hakika, kusema wazi ni lipi bado hamlijui, na kutaja saa mtakayosema tena. Kwa mfano: gari letu lilipinduka leo saa tisa alasiri karibu na Makuyuni likiwa na watu watatu, wote wako hospitali na wanaendelea na matibabu, chanzo hakijajulikana na Polisi wanaendelea na uchunguzi, tutatoa taarifa nyingine saa tatu usiku. Inatosha. Saa tatu ikifika mseme tena, hata kama la kusema ni kwamba hakuna jipya, kwa sababu mkikosa saa hiyo moja, kundi la WhatsApp litajaza.

Chanzo cha ajali msikitaje, wala msiseme dereva alikuwa mwangalifu au mzembe. Hilo ni la uchunguzi, na msemaji wake hapa kwetu ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Takwimu zenu na zake zikitofautiana, waandishi watawaacha ninyi. Mpigieni kabla hamjatuma. Majina ya wageni yasitoke kabla familia na ubalozi wao hawajajua, na hata baada ya hapo yasitoke bila ridhaa, kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hali ya afya ya mtu si mali ya kampuni iliyombeba. Ondoeni pia ule mstari wa chini unaosema kwamba ninyi ni kampuni inayoongoza kwa safari salama. Nimewahi kuuona ukiwa chini ya taarifa ya ajali, na nilijikaza nisiuchape.

Kwa bahati, wengi huianzisha historia ya kazi hii kwenye ajali. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya umeme iliacha reli kwenye daraja la Atlantic City, Marekani, ikatumbukia majini, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Siku zile kampuni za reli zilizoea kufanya walichotaka wakurugenzi wako: kuficha, kuzuia waandishi, kusubiri wasahau. Ivy Lee, yule niliyemtaja kwa mama wa Moshi, alikuwa akiifanyia kazi kampuni mama ya reli hiyo, Pennsylvania Railroad. Yeye aliandika taarifa ya kilichotokea, akawagawia waandishi kabla uvumi haujatangulia, na kampuni ikawapa usafiri wa treni hadi mahali pa ajali wakajionee. The New York Times iliichapa taarifa yake neno kwa neno. Kampuni ilikuwa na hatia ya kutosha siku ile, lakini ilisifiwa kwa kusema.

Ningependa kuishia hapo kwa habari za Lee, ila wakurugenzi wako huenda wakamsoma wenyewe. Mwaka 1914, baada ya wachimbaji wa makaa waliogoma na familia zao kuuawa Ludlow, Colorado, alitumikia familia ya Rockefeller na kusambaza vijarida vilivyokuwa na madai yasiyo ya kweli juu ya viongozi wa mgomo. Mwandishi Upton Sinclair alimpachika jina la Poison Ivy, mmea wa kwao unaowasha, na jina hilo limemfuata hadi leo kuliko daraja la Atlantic City. Kwa hiyo, meneja, kama katika ile aya ya kwanza kuna hata namba moja ambayo dereva amewaambia kwa simu na hamjaithibitisha hospitalini, iacheni.

Wateja walioghairi waandikieni mmoja mmoja sasa, mkieleza matengenezo mliyofanya kwenye magari tangu siku ile. Hilo halihitaji gazeti.

SWALI: Gazeti lilichapa habari yetu lakini likakosea jina la kampuni. Nimshtaki nani? (Msomaji wa Soweto, Moshi)

JIBU: Usimshtaki mtu. Mpigie mwandishi kwanza, kwa upole, naye atamwomba mhariri aweke sahihisho. Ukianza na mhariri umemharibia mwandishi ambaye utamhitaji mwakani. Toleo la mtandaoni hurekebishwa haraka, la karatasi huchukua siku moja au mbili. Lakini kabla hujapiga, irudie taarifa uliyotuma. Umenipa nakala, nami nimeisoma mara mbili: kwenye kichwa jina la kampuni lina herufi "k", na kwenye aya ya mwisho lina "c".